Pumu na vifua sugu: zahanati ianze tiba, au mgonjwa asubiri mashine ya mjini?

Binti wa Makete

Kamwene ndugu zangu. Naleta jambo linaloniuma, naomba tulijadili kwa uwazi.

Mama yangu ana miaka 61 na hajawahi kuvuta sigara. Amepikia kuni tangu akiwa binti. Kwetu Juni na Julai ukungu unalala mpaka saa nne asubuhi, familia nzima inahamia jikoni na mlango unafungwa. Kwa miaka sita kila baridi ikiingia kifua chake kinabana, usiku kinapiga filimbi, na akipanda kale kamlima ka kwenda kanisani anasimama mara tatu. Kwenye zahanati alipewa amoksisilini, msimu uliofuata sindano, kisha amoksisilini tena. Makohozi yalipimwa TB mara tatu, hakikuonekana kitu.

Mwaka jana tukampeleka Mbeya. Akapuliza kwenye spairometa, mashine ya kupima pumzi, akavutishwa dawa, akapuliza tena. Tukaambiwa njia zake za hewa zimeziba na dawa haizifungui kikamilifu, ndiyo COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Safari ile ilikula magunia ya viazi yaliyokuwa ya ada ya mdogo wangu.

Naamini zahanati ingeweza kulijua hili miaka mitano nyuma. Kwa nini presha na kisukari vinafuatiliwa huku chini kwa daftari na tarehe, lakini kifua kinatibiwa kama ajali, mtu anapewa dawa ya siku tano na kurudi nyumbani? Nasema zahanati na vituo vya afya viruhusiwe na viwezeshwe kugundua pumu na COPD na kuanza tiba ya kudumu, bila kusubiri mashine. Anayepinga aseme.

Daktari, Mbeya mjini

Pole kwa mama, dada. Mimi napinga, na sipingi kwa kudharau zahanati.

Filimbi ya kifuani ni mlango mmoja wenye vyumba vingi nyuma yake. Kuna pumu, kuna COPD, kuna moyo ulioshindwa kusukuma damu hadi maji yakajaa mapafuni, kuna makovu yaliyoachwa na TB. Dawa ya kuvuta ya steroidi, kama beklometasoni, inayotuliza uvimbe ndani ya njia za hewa, ndiyo nguzo ya tiba ya pumu. Mwenye COPD hiyo hiyo inaweza kumwongezea hatari ya homa ya mapafu, kwa hiyo huwezi kuigawa kwa kila anayekohoa. Spairometa inatutenganishia: tunapima hewa anayoitoa mtu katika sekunde ya kwanza, tunailinganisha na yote anayoweza kutoa kwa pumzi moja. Baada ya dawa ya kufungua njia za hewa, uwiano ukibaki chini ya 0.70, kuziba ni kwa kudumu. Bila hapo tunakisia.

Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.5 vya COPD kwa mwaka 2021 pekee. Ugonjwa mzito namna hiyo unataka jibu la uhakika.

Tabibu, vijijini Mufindi

Daktari, nakuheshimu, lakini njoo ukae nami Jumatatu moja.

Nina mgonjwa anayefanya kazi kiwanda cha mbao kule Sao Hill, miaka 27. Kifua kinambana usiku, mchana kimetulia, kinakuja na kuondoka tangu shule ya msingi, na dada yake ana shida hiyo hiyo. Nikimwandikia rufaa haendi. Siku moja ya kazi ikipotea, wapo wanaosubiri nafasi yake. Ile karatasi ya rufaa anaikunja, anaiweka mfukoni, mwezi ujao anarudi kwangu midomo imekuwa ya bluu.

Kwa mtu kama huyu kuna kipimo kidogo cha plastiki, sisi tunakiita piki floo. Unasimama, unavuta pumzi yote, unapuliza kwa nguvu mara moja, kishale kinapanda. Unafanya mara tatu, unachukua namba kubwa. Kisha unampa mipulizo ya salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, unangoja dakika 15, unapima tena. Akitoka 250 akafika 320, hiyo ni zaidi ya asilimia 20, na ukiweka pamoja na historia yake, pumu imejitaja yenyewe. Hakihitaji umeme wala bando. Shirika hilo hilo ulilolitaja lilikiweka kwenye vifaa vya ngazi ya msingi katika PEN, mwongozo wake wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2010.

Nakubali kwamba namba nzuri siku hiyo haimaanishi mtu hana pumu, na kwamba kwa COPD kipimo hiki kinaweza kutudanganya. Kwa hiyo mtu wa zaidi ya miaka 40 ambaye pumzi inapungua polepole mwaka hadi mwaka, au miguu imevimba, au anakohoa damu, au amekonda, huyo namtuma kwako na nitamhimiza aende. Lakini kijana wa mbao usiniambie asubiri.

Mwenye famasi, Uyole

Niongeze nikionacho dirishani kwangu. Watu hawaji na swali la pumu au COPD. Wanakuja na neno moja, "pampu". Wanataka ile ya bluu, salbutamoli. Wengi hawafiki hata hapo, wanaomba vidonge vya salbutamoli kwa sababu ni bei ndogo, vinawatetemesha mikono na kuwapeleka moyo mbio, na kifuani vinafanya kazi kidogo kuliko dawa ya kuvuta.

Nina mteja mwalimu anayemaliza pampu moja kila mwezi. Pampu ina mipulizo 200. Wataalamu wa pumu duniani, wale wa GINA, wanasema hata kufikisha pampu tatu kwa mwaka ni dalili ya hatari, na anayefikisha 12 yuko karibu zaidi na kifo. Tangu 2019 wameacha kabisa kupendekeza mtu mzima mwenye pumu atumie salbutamoli peke yake, kwa kuwa inafungua njia lakini uvimbe ndani unabaki. Nilimweleza kuhusu ile ya steroidi. Akanijibu, "Hiyo nyingine siisikii ikifanya kazi." Na ni kweli haisikiki, maana inafanya kazi kwa wiki, si kwa dakika. Hilo somo anatakiwa alipate kwa mtu anayemfahamu, amrudie mwezi baada ya mwezi. Daktari wa mjini anamwona mara moja kwa mwaka. Mimi niko upande wa zahanati.

Mzee wa Chunya

Nimechimba dhahabu miaka 14. Niliugua TB, nikameza dawa miezi sita, nikapona. Pumzi haikurudi. Nilipokwenda sehemu moja, bila kupima makohozi, wakaniambia TB imerudi na wakataka kunianzishia dawa upya. Nilikataa. Baadaye nikaambiwa mapafu yana makovu na vumbi la mawe.

Wanangu, mnagombania mashine na piki floo. Anzeni kumuuliza mtu amefanya kazi gani. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Daktari, Mbeya mjini

Mzee wangu, shikamoo, na umesema neno. Kovu la TB linaweza kuziba njia za hewa hata baada ya vijidudu kwisha, na hapa kwetu ni jambo la kawaida kuliko vitabu vya Ulaya vinavyodhani. Ndiyo maana naogopa haraka. Tabibu akimwona mzee huyu anaweza kuandika pumu.

Lakini kuhusu kijana wa mbao nimesogea. Kwa mgonjwa wa aina ile, mwenye historia safi na piki floo inayopanda, aanziwe steroidi ya kuvuta palepale. Ninachoshikilia ni kwamba asiyeeleweka asibaki kwenye dawa mwaka mzima bila kupimwa vizuri.

Muuguzi, Ludewa

Hata dawa ikiwepo, nani anafundisha kuivuta? Nimeona watu wanapuliza mdomoni kama manukato na kumeza mate. Unatikisa pampu, unatoa pumzi nje, unabonyeza huku ukianza kuvuta taratibu, unabana pumzi mpaka uhesabu kumi. Kwa watoto na wazee nachukua chupa ya maji ya nusu lita, natoboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, nabandika kusiwe na upenyo, mtoto anapumulia mdomo wa chupa. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na wakachapisha mwaka 1999 kwamba inafanya kazi sawa na ile chemba ya dukani ya kuvutia dawa. Haihitaji mashine yoyote ya Mbeya.

Kijana, Njombe

Kwa nini hamzungumzii chanzo? Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kila nyumba ikipata gesi, akina mama hawa hawataugua.

Binti wa Makete

Mdogo wangu, gesi tunayo. Mtungi niliununua mimi. Mama anachemshia chai asubuhi, basi. Gesi haipashi nyumba joto, na mwezi wa saba kule hakuna anayekaa bila moto. Mpaka mtu atufikirie na hilo la baridi, kuni zitabaki. Tumetoboa dirisha jikoni na kuhamishia kuni mbichi nje zikauke, moshi umepungua. Hata hivyo, mapafu yaliyokwisha kuziba hayafunguki kwa dirisha.

Daktari, nashukuru umesogea. Nami nakubali kwamba mama yangu, kwa umri wake, alistahili spairometa. Kilichoniuma ni ile miaka sita ambayo hakuna aliyeandika kwenye daftari lake kwamba huyu amekuja na kifua kilekile msimu uleule. Tabibu, swali langu ni kwako: hicho kipimo cha plastiki kwenye zahanati yenu kimetoka wapi? Kwetu hakipo.

Tabibu, vijijini Mufindi

Hakikushuka kutoka juu. Tangu 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na matumizi yanapita kwenye kamati ya zahanati, ambamo wanakijiji wamo. Tulikiweka kwenye mpango wetu wa mwaka. Bohari ya Dawa wakikosa kitu, tunaomba kibali cha kununua kwa mshitiri, yule muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa mkoa. Beklometasoni ndiyo inayonisumbua, mwezi huu ipo, ujao sijui.

Muulize mwenyekiti wa kamati yenu wanapanga bajeti lini, uende kabla ya kikao. Nenda na daftari la mama.