Mabondia wakubwa kukwepana: tumlaumu bondia au mkataba?

Mleta mada:
Wakuu, pambano kubwa likikwama, maneno ya kwanza mitaani ni "anamwogopa". Tujadili kwa mifano. Naanza na Riddick Bowe na Lennox Lewis, ambao katika ngumi za kulipwa hawakukutana hata mara moja. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul 1988, mwamuzi alisimamisha pambano raundi ya 2 Lewis akiwa anamshindilia Bowe. Oktoba 1992 Lewis akamtwanga Razor Ruddock jijini London, akawa mpinzani wa lazima wa bingwa wa WBC, yaani bingwa hana budi kupigana naye; WBC ni moja ya mashirika manne yanayotoa mikanda ya ubingwa wa dunia. Wiki mbili baadaye Bowe akamnyang'anya Evander Holyfield mikanda ya mashirika matatu: WBA, WBC na IBF. Njia ilikuwa nyeupe. Desemba hiyo hiyo Bowe akaenda London, akawaita waandishi wa habari, akautumbukiza mkanda wa WBC kwenye pipa la taka mbele yao. Lewis akapewa ubingwa bila ngumi kurushwa. Kwangu mimi, mwenye lawama hapo ni bondia na kambi yake.

Mchangiaji wa 1:
Umeeleza tukio, mkuu, ila hujagusa hesabu yake. Bingwa akipigana na mpinzani mwepesi analipwa vizuri na rekodi yake inabaki salama. Pambano kubwa nalo likikaa, kambi zinaamini bei itapanda. Ndipo ngoja ngoja inapoumiza matumbo. Novemba 1993 Holyfield akamshinda Bowe kwa pointi kwenye marudiano. Septemba 1994 Oliver McCall akamwangusha Lewis raundi ya 2 pale Wembley. Kila anguko linarudisha mazungumzo ya mgawo wa fedha mwanzo, kwa sababu aliyekuwa anadai nusu kwa nusu sasa anaambiwa achukue robo.

Anthony Joshua na Deontay Wilder yaliwakuta hayo hayo. Mwaka 2018 wote walikuwa mabingwa na hakuna aliyewahi kupigwa. Joshua alikuwa na mikanda mitatu, Wilder alikuwa na wa WBC. Juni 2019 Joshua akapigwa na Andy Ruiz, Februari 2020 Wilder akapigwa na Tyson Fury. Desemba 2023 wakapangwa usiku mmoja Riyadh, kila mtu na mpinzani wake, ili wakishinda ndio wakutane. Joshua akamaliza kazi kwa Otto Wallin. Wilder akapoteza kwa pointi mbele ya Joseph Parker, na hamu ya pambano ikaisha usiku ule.

Mchangiaji wa 2:
Mimi nipo upande wa mkataba. Tazameni Fury na Joshua 2021: tarehe ilishatajwa, Agosti 14, Saudi Arabia, mikanda yote minne mezani. Mwezi Mei msuluhishi akaamua kwamba Wilder bado anamdai Fury pambano la tatu, kwa mujibu wa mkataba waliosaini zamani. Basi, likafa. Septemba Joshua akapoteza mikanda yake kwa Oleksandr Usyk. Hapo nani alimkimbia nani?

Kipengele cha marudiano ndicho kinachoua mapambano mengi. Kambi yenye bingwa hukidai ili bingwa akipigwa apate nafasi ya pili. Lakini kinamfunga hata aliyeshinda: miezi inayofuata si mali yake tena. Wakati huo huo shirika la mkanda linamtaka apigane na mpinzani wa lazima. Usyk alipomshinda Fury Mei 2024, marudiano yalikuwa yameshaandikwa, kwa hiyo mwezi uliofuata ikabidi auachie mkanda wa IBF.

Mchangiaji wa 3:
Msisahau runinga. Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walikuwa wapigane Machi 2010. Mabishano yakawa juu ya kupimwa damu kutafuta dawa zilizokatazwa: upande wa Pacquiao ukataka kipimo cha mwisho kiwe siku 24 kabla ya pambano, naye Mayweather, walipokutanishwa na mpatanishi, akakubali kiwe siku 14 kabla. Tofauti hiyo ya siku 10 ikalivunja pambano. Baadaye Mayweather akahamia kituo cha runinga cha Showtime huku Pacquiao akiwa kituo cha HBO, na hakuna kituo kilichotaka kumpa mwenzake haki za kurusha. Mei 2015 ikabidi vituo vyote viwili virushe kwa pamoja, mgawo 60 kwa 40, Mayweather akiwa na miaka 38 na Pacquiao 36. Watu walilipia kwa wingi usio na mfano, wakatazama mabondia ambao kasi yao bora ilishapita. Hilo linaniuma hadi leo.

Mleta mada:
Sawa, lakini Terence Crawford anawapinga nyote. Mkataba wake na promota ulipoisha Novemba 2021, alikataa kusaini mwingine, akawa huru kujadiliana na upande wa bingwa mwenzake, Errol Spence. Julai 2023 wakapigana Las Vegas; akamwangusha mara tatu na kummaliza raundi ya 9. Bondia akitaka, pambano linapatikana.

Mchangiaji wa 2:
Lilichukua miezi 20, ndugu yangu, na katikati mazungumzo yalivunjika. Halafu Spence akadai marudiano yake ya kimkataba, na kabla mwaka haujaisha IBF ikamvua Crawford mkanda.

Mchangiaji wa 1:
Tuje kwenye dawa. Wapinzani wakishindwa kukubaliana ndani ya siku zilizowekwa, IBF kwa mfano inatoa 30, shirika huitisha zabuni: mapromota wanaleta bahasha zilizofungwa, mwenye kiasi kikubwa anachukua pambano, na fedha zinagawanywa kwa asilimia za kanuni, fungu nono likienda kwa bingwa. Ni utaratibu mzuri, lakini una tundu: bingwa anaweza kuuachia mkanda kabla ya bahasha kufunguliwa. Mei 2016 WBC ilimpa bingwa wake Canelo Alvarez siku 15 za kujadiliana na mpinzani wake wa lazima, Gennady Golovkin, Canelo akaurudisha mkanda. Wakapigana Septemba 2017, Golovkin akiwa na miaka 35. Napendekeza anayeachia mkanda namna hiyo asiwanie ubingwa wowote kwa miezi 12.

Mchangiaji wa 3:
Nani atasimamia? Mashirika ni manne, na kila moja hukata ada yake, mara nyingi karibu asilimia 3 ya mapato ya bondia. WBC ikimfungia nyota, WBO itampokea wiki hiyo hiyo. Labda kifungo kitoke kwa tume ya ngumi ya mahali pambano linapofanyika, maana ndiyo inayotoa leseni. Tatizo pambano litahamishiwa nchi nyingine. Mwenye jibu la hilo aliweke hapa.