Naomba ushauri: nimepata nafasi kwenye tamthilia, naogopa kupoteza kazi yangu ya jukwaani

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Mbagala, kazi yangu ni kucheza. Nilianza na kikundi cha ngoma Temeke nikiwa na miaka 16, tunacheza sindimba na lizombe kwenye hoteli za ufukweni kule Kunduchi. Baadaye nikajifunza dansi ya kisasa, hii ya jukwaani yenye kisa ndani yake. Nyumbani bado naitwa mnenguaji. Wageni wakimuuliza mama nafanya nini, anasema "yupo kwenye mambo ya sanaa", halafu anawaongezea chai.

Mwaka wa pili sasa natunga kazi yangu mwenyewe, dakika 35, inatokana na mdundiko. Mliokulia uswahilini mnajua: ngoma inapita mtaani, mtoto anaifuata, anakuja kushtuka yupo asikokujua. Mimi yalinikuta nikiwa na miaka saba. Kazi yangu inaanza pale ngoma ilipotokomea, mtoto kabaki peke yake na miguu bado inataka kwenda. Kuna mahali nasimama kwa mguu mmoja, kisigino juu, nasubiri pigo ambalo mpiga ngoma halipigi. Hapo tu nimekaa miezi mitatu. Onyesho ni Novemba, ukumbi tumeshalipia nusu.

Wiki iliyopita nikaitwa kwenye tamthilia. Miezi nane, malipo kwa kila siku ya kurekodi, na hela yenyewe sijawahi kuishika kwa kucheza. Uhusika ni wa msichana dansa. Lakini mkataba unasema sitaruhusiwa kushiriki onyesho lolote la hadharani bila kibali cha maandishi. Pia umeandika "atasaidia masuala ya dansi". Nilipouliza, nikaambiwa nitatunga dansi zote na kuwafundisha wenzangu 12. Hakuna nyongeza.

Wenzangu wa jukwaani wanasema nikienda huko nimeisaliti fani. Mama anasema nikikataa nisimwombe tena hata nauli. Na goti la kulia linavimba, maana tunafanyia mazoezi kwenye zege. Jibu linatakiwa Ijumaa. Nisaini?

Mwana Temeke: Saini dada. Kodi hailipwi kwa mdundiko.

Mzee wa Pwani: Mwanangu, hilo la kusaliti fani nalikataa kabisa. Nilisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo kabla hakijaitwa TaSUBa. Kilianzishwa 1981, baada ya vikundi vya sanaa vya taifa kuvunjwa, na sisi hatukuulizwa wewe ni wa ngoma au wa maigizo. Asubuhi unacheza, mchana unapiga ngoma, jioni upo kwenye mchezo wa kuigiza, mwili ni huohuo. Bibi zetu walipocheza ngoma walikuwa wanaigiza wawindaji, walevi, wakwe wakorofi. Huu ukuta kati ya mchezaji na mwigizaji umejengwa juzi. Nenda ukaigize, ila hiyo Novemba usiiuze.

Wakala wa Kariakoo: Hapo kwenye "atasaidia masuala ya dansi" ndipo unapoibiwa, mdogo wangu. Kuigiza ni kazi moja, kutunga dansi ni nyingine, kufundisha watu 12 ni ya tatu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua kazi za dansi zilizotungwa, kama inavyoutambua wimbo. Kwa hiyo omba mkataba wa pili wa utunzi, malipo kwa kila dansi, na jina lako litokee kama mtunzi, tofauti na jina la mwigizaji. Halafu rekodi mdundiko wako wote, kamera moja imesimama, mwanzo hadi mwisho, uupeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujakanyaga lokesheni. Usiwaonyeshe kipande cha kisigino hata kwa kujaribisha. Wakikipenda kitaingia kwenye tamthilia, na Novemba watu watasema wewe ndiye umeiga.

Mchua Misuli: Nauliza kuhusu goti. Linakwama ukilikunja? Linakuwa kama linataka kuachia ukishuka ngazi? Kama ndiyo, huenda ni gegedu au kano, na kuchua hakutalitibu. Nenda ukapimwe, MOI pale Muhimbili wapo wataalamu wa mifupa na wa mazoezi tiba. Zege halinyonyi mshindo, kila ukitua unarudi kwenye goti. Tafuteni sakafu ya mbao yenye uwazi chini yake. Kwa sasa acheni kuruka, fanyeni vipande vinavyochezwa chini sakafuni tu.

Mama Wawili: Nilicheza miaka kumi na moja, nikaacha kwa sababu niliambiwa nimezeeka. Nilikuwa na 29. Germaine Acogny, mchezaji dansi wa Senegal, alizaliwa 1944, na alipanda jukwaani peke yake akiwa ameshapita miaka 70. Mwaka 2021 akatunukiwa tuzo ya dansi ya Simba wa Dhahabu kule Venice. Sikuwa na mtu wa kuniambia habari hizo. Mdogo wangu, una muda, usisaini kwa hofu ya umri. Na mama yako mpelekee tiketi ya Novemba mkononi, akae mbele. Wangu hakuwahi kuniona nikicheza.

Mleta uzi: Shikamoo Mzee wa Pwani, na asanteni wote. Goti halikwami, ila kwenye ngazi linaachia, kesho asubuhi naenda Muhimbili. Leo nimeongea na prodyuza. Siku zangu tatu za onyesho la Novemba amekubali kuandika tarehe zake kwenye mkataba. Jina la mtunzi amekubali. Malipo ya kila dansi amekataa, anasema ni desturi yao. Nimemjibu basi nitaigiza tu, dansi atafute mwingine. Amekaa kimya, akaniambia nimpigie Ijumaa.

Wakala wa Kariakoo: Usimpigie kabla ya saa sita. Na hizo tarehe tatu uzione kwenye karatasi, siyo kwenye simu.

Mleta uzi: Sawa kaka. Nitarudi hapa Ijumaa jioni.