Mrejesho: Peugeot 504 ya breki ngumu

Wakuu, niliuliza kuhusu Peugeot 504 ya mzee: pedeli ya breki ngumu kama jiwe, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, na kushuka Marangu kuja Himo ni roho mkononi. Gari limepona.

Aliyesema nianze na vakyumu, ule mvuto wa hewa wa injini unaosaidia breki, ubarikiwe. Injini ikiwa imezimwa nilikanyaga breki mpaka pedeli ikakaza, nikaishikilia, nikawasha. Ilitakiwa izame kidogo, wapi! Fundi wangu hapa Pasua, Moshi, akaubana kwa koleo ule mpira unaotoka kwenye manifodi (njia ya hewa ya kuingia injini) kwenda kwenye busta (kopo linaloongezea mguu nguvu kwenye breki), na sailensa ikatulia palepale. Basi hewa ilikuwa inaingilia upande wa busta. Valvu ya njia moja tukaipuliza: huku inapitisha, huku inagoma, nzima kabisa. Kilichokufa ni kijiraba kinachoishikilia valvu kwenye busta. Kimekauka, ukikikunja nyufa zinafunguka mpaka unaona mwanga.

Kuna fundi mwingine alishaniambia ninunue busta nzima. Huyo tumwache.

Kijiraba kipya kimewekwa, pedeli sasa inazama ukiwasha. Breki bado zinavuta kushoto kidogo. Nashuku pistoni ya kalipa (kibano cha breki kwenye gurudumu), lakini hiyo ni kesi nyingine.