Naomba ushauri: picha ipi inaonyesha vizuri mfupa wa taya ulioliwa?

Wakuu, shikamooni. Mama yangu, miaka 58, akipiga mswaki beseni linakuwa jekundu, na jino moja la mbele chini linacheza hata akiligusa kwa ulimi. Daktari wa kwanza alimpiga eksirei ya taya zima, akasema mfupa umeliwa. Wa pili kasema hiyo ni ya kuona kwa ujumla tu, meno ya mbele hutoka na ukungu; anataka picha ndogondogo za jino mojamoja. Wa tatu anataka CT ya meno, yaani eksirei ya pande tatu (3D). Bei yake, acha tu, na mionzi ni mingi kuliko picha ndogo. Najua CT huonyesha shimo la mfupa upande wa shavu na wa ulimi, picha bapa hulificha. Ila kama kwa sasa anasafishwa mizizi ya meno tu, kuna haja ya CT? Mliopitia hili, tuanzie wapi?