Ushauri wakuu: vifaa vya mtandao vya kampuni tatu, nitavisimamiaje?

Kijana wa Bandari: Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa mtandao wa chuo kimoja hapa Morogoro. Swichi kuu ni Cisco, za mabwenini Huawei, ruta ni MikroTik. Huku naandika amri ya "show", kule "display", nachanganyikiwa. Ipo programu moja ya kuvisimamia vyote? Jumatatu chuo kinafunguliwa.

Fundi Konsoli: LibreNMS, programu ya bure ya kufuatilia mtandao. Washa SNMP kila kifaa, ndiyo inayokitolea taarifa zake, na LLDP ili vifaa vijuane na jirani zake, maana CDP inayofanya kazi hiyo hiyo ni ya Cisco. Bakapu za mipangilio achia Oxidized, programu nyingine.

Mama Antena: Kwetu kila mfadhili alileta chapa yake. Nilinunua kaunta buku, ukurasa huu amri za Cisco, wa pili za Huawei. Hadi leo natembea nayo.

Kijana wa Bandari: LibreNMS nimeshaiweka. Haioni kifaa hata kimoja.

Fundi Konsoli: SNMP umeiwasha? Unaingia kwa akaunti gani?

Kijana wa Bandari: Hapo ndipo penyewe. Nywila sina. Aliyenitangulia aliondoka kwa ugomvi wa mshahara. Ila nimeshaamua, Jumamosi usiku nabonyeza riseti kote naanza upya. Bosi ameafiki.

Babu Kebo: Mlipeni mwenzenu jasho lake, nywila ataleta mwenyewe.

Kijana wa Bandari: Mshahara silipi mimi, babu.

Mtata: Hii chai. Chuo kizima hakuna mwenye nywila? Huyu anataka tumfundishe kuingia swichi za watu.

Kijana wa Bandari: Si chai! Niko chumba cha seva, nimekalia boksi la UPS. Swichi kuu imebandikwa plasta ya kidonda, imeandikwa kwa peni: "24 usiguse, uhasibu". Hiyo nayo nimetunga?

Fundi Konsoli: Plasta nimeiamini. Sasa sikia, MikroTik usiiguse riseti, itafuta kila kitu na intaneti itakatika. Kwanza mtoa huduma akuandikie anwani zenu za IP. Cisco nyingi, shika kitufe cha Mode ukiwasha umeme, badili jina la config.text, faili la mipangilio, mipangilio inabaki. Huawei ni Ctrl+B inapowaka, unafuta nywila ya konsoli tu, lile tundu la kuunganishia kompyuta moja kwa moja.

Mtata: Na barua ya bosi?

Kijana wa Bandari: Barua ninayo, ina muhuri. Kebo ya konsoli ndiyo sina.

Mama Antena: Ninayo, ile ya bluu. Nipo Msamvu mpaka saa kumi na moja. Njoo na daftari, unakili amri.