Naomba ushauri: kapu la zeituni la kumpelekea shangazi

Wakuu, shikamooni. Kapu la shangazi lina chupa ya zeituni aina ya Kalamata za Ugiriki, moja ya Castelvetrano za Sicily (laini, hazina uchungu), lozi, biskuti za chumvi na nusu lita ya mafuta ya zeituni. Mafuta nimechagua ya chupa nyeusi, kwa sababu mwanga na joto huyafanya yachache. Jibini nimeiacha, haiwezi kuvumilia basi la mchana kutwa.

Kinachonisumbua ni chumvi, maana shangazi ana presha. Kuloweka zeituni kwenye maji baridi usiku kucha hupunguza, lakini zikitolewa kwenye maji yake ya chumvi huharibika upesi. Nimwandikie aloweke chache za kula siku hiyo tu, au nipunguze zeituni niongeze mafuta? Na chupa nizitenganishe kwa kadibodi au khanga?