Naomba ushauri: nizibe kwa nini maungio ya sakafu ya Volkswagen Beetle ya mwaka 1965?

Mwana wa Chumbageni:
Wakuu, heshima kwenu. Ninafufua Beetle ya mwaka 1965 niliyoachiwa na marehemu babu hapa Tanga. Kutu imeila sakafu, hasa upande wa kulia chini ya kiti cha nyuma, mahali inapokaa betri ya volti 12. Nimepata mabati mapya ya pande zote mbili na fundi yuko tayari kuyachomelea. Swali langu ni moja tu: baada ya kuchomelea, nizibe maungio kwa silikoni ya madirisha, ambayo haisumbui kuipata, au nimwage lami ya moto? Fundi anarudi keshokutwa, na usingizi umeanza kunikimbia.

Grenda Kuukuu:
Silikoni yenye harufu ya siki usiisogeze hapo. Harufu ile ni asidi inayotoka wakati inapokauka, nayo hula chuma kitupu. Lami ya moto ikishapoa na kukakamaa hupasuka, maji hupenya kwenye ufa, na kutu huendelea na kazi yake chini kwa chini wewe ukidhani umeshaziba. Sugua sehemu iliyochomelewa mpaka chuma king'ae, paka praima ya epoksi, iache ikauke, ndipo uzibe maungio juu na chini kwa gundi ya bodi ya poliurethani, kisha rangi. Matundu ya kutolea maji usiyazibe. Hata hivyo, hujatueleza kama bodi umeishusha au bado imekaa juu ya sakafu.

Mwana wa Chumbageni:
Bodi ipo juu. Fundi amesema hakuna haja ya kuinyanyua.

Mama Wawili:
Mwanangu, mimi magari siyajui, ila mali ya marehemu ni mirathi. Shangazi na baba zako wadogo wameridhia ulikate hilo gari? Nimeona familia ikigawanyika kwa sababu ya baiskeli.

Mzee wa Vumbi:
Mmenikumbusha mbali. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, likarudia mwaka 1957, na mwaka 1962 dereva Tommy Fjastad akaliletea ushindi mwingine. Kaka yangu alikuwa nalo moja ambalo sakafu yake ilitoboka kiasi kwamba abiria wa nyuma alikuwa akiiona barabara, na mvua ikinyesha ilibidi apandishe miguu kitini. Kwa hiyo usikate tamaa, kijana.

Grenda Kuukuu:
Tusitoke kwenye mada. Bodi ya Beetle hufungwa kwenye sakafu kwa bolti zinazoingia kwenye mihimili iliyo chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini. Mihimili hiyo ni mizima? Na milango inafunga?

Mwana wa Chumbageni:
Mihimili ilikuwa imeoza pande zote mbili, kwa hiyo tuliikata pamoja na sakafu yote. Mlango wa kushoto unagusa nguzo kidogo unapoufunga. Sioni tatizo, maana kukata upande mmoja mmoja kungenilazimu kumlipa fundi mara mbili, na tumeiegemeza bodi kwenye magogo ya mvule ambayo hayatikisiki. Nimeuliza gundi tu, wakuu.

Shahidi wa Pembeni:
Mimi uzi huu nautilia shaka. Beetle ya mwaka 1965 ilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, lakini huyu anataja volti 12 bila maelezo yoyote. Kisha kasoro kubwa kuliko zote anaitoa baada ya kubanwa, kana kwamba anatunga sura kwa sura. Tuwekee picha.

Mwana wa Chumbageni:
Babu aliubadilisha mfumo wote, dainamo na balbu pamoja, kwa sababu taa za volti 6 zilikuwa hafifu. Picha nitaleta mchana, sasa hivi ni giza.

Kicheko Bure:
Giza tena? Washa hizo taa za volti 12.

Grenda Kuukuu:
Liwe la kweli au la kutungwa, yupo atakayesoma haya akiwa na grenda mkononi. Bodi iliyokatwa mihimili hulegea katikati, na ukichomelea sasa utaufanya upinde huo kuwa wa kudumu. Mlango unaogusa nguzo ndio ushahidi. Chomelea kwanza mabomba ya chuma kukatiza nafasi za milango, inua kwa jeki taratibu mpaka mapengo ya milango yalingane, ndipo uweke mihimili mipya. Tena kati ya sakafu na mihimili hukaa gasketi ya mpira, ambayo ukiitia kabla ya kuchomelea itaungua, na baadaye haiingii bila bodi kunyanyuliwa. Fundi wako amepanga kuipitisha wapi? Jambo la mwisho: bomba la petroli hupita ndani ya handaki la katikati, yaani ule mfereji wa chuma unaokatiza katikati ya sakafu, palepale mabati yanapochomelewa. Tangi limetolewa?

Mwana wa Chumbageni:
Tangi lipo, na lina petroli. Ngoja nimpigie fundi sasa hivi. Kuhusu magogo, hata hivyo, bado naamini yanatosha.